Mkono wa Emmett Vorpahl

Kessel, Wisconsin
10 Septemba

Shemeji Corinne mpendwa,

Najua huko jangwani kwenu bado mnakimbilia kivuli. Hapa ziwa limeanza kutoa ukungu asubuhi, mahindi yamekauka mashambani, na jana nilivaa lile koti langu la cheki nyekundu ambalo dada yako alikuwa akilificha ili nisilivae mbele za watu. Maana yake unaijua. Mpira umerudi, huu wetu wa Kimarekani, wa kurusha na kudaka.

Nina habari kubwa. Sisi Wapasua Mbao, timu ya shule yetu, baada ya miaka mingi ya kuchekwa, tumepata mrushaji. Anaitwa Emmett Vorpahl, wa wale Vorpahl wa ng'ombe wa maziwa wa barabara ya kaskazini. Babu yake nilimfundisha, hakuwa na kichwa cha fizikia hata kidogo. Kijana anavaa namba nane, na ana miaka kumi na saba. Unaijua desturi yangu: nafika uwanjani kabla hawajawasha jiko la soseji, nasimama kwenye uzio kuwaangalia vijana wakipasha misuli. Corinne, yule mtoto alirusha mpira yadi sitini bila kukunja uso. Wala haukupanda mbinguni ukaanguka kama jiwe. Ulikwenda umenyooka kama waya wa umeme. Mdakaji alipoupokea nilisikia kishindo kama mlango wa ghala ukibamizwa na upepo. Nimeangalia mpira wa shule hii tangu nilipoajiriwa nikiwa kijana, na mkono kama huo sijauona.

Sasa jambo la pili, ambalo ndilo limenifanya nikae chini kuandika. Joanne, binti yangu, ameamua kwamba mtu wa miaka sabini na tisa hafai kukaa peke yake katika nyumba yenye ngazi na kuendesha gari kwenye barabara za mashamba. Anataka niuze nyumba na gari, nihamie kwake Minneapolis, kwenye chumba kilicho juu ya gereji, kabla theluji haijashika. Tumebishana kiangazi kizima. Mwishowe akasema tutaamua Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, na kwamba neno la mtu mmoja tu litamtuliza, nalo ni lako. "Mama Mdogo hajui kusema uongo," aliniambia. "Akiniandikia kwamba uko sawa, nitakuachia nyumba yako na gari lako."

Kwa hiyo, shemeji, nakuomba umwandikie. Hunioni, lakini barua zangu unazisoma. Mtu anayeweza kukueleza kwa nini mpira unakwenda unavyokwenda hana kasoro ya kumfungisha mizigo. Simu usipige. Kile kifaa changu cha sikioni kinapiga mluzi nikisogeza simu, na badala yako nasikia mbuzi.

Shule siku hizi inarusha mechi kwenye mtandao. Mwambie mjukuu wako akufungulie. Mwangalie namba nane, kisha uniambie.

Shemeji yako,
Alvin


Tucson, Arizona
19 Septemba

Alvin,

Nimefunguliwa kompyuta, nikapewa na mto wa kuegemea, nikamwangalia namba nane wako mwanzo hadi mwisho. Pole. Ule si mkono. Bibi yetu alikuwa akiwarushia kuku mahindi kwa nguvu kuliko ile. Mpira ukitakiwa kwenda mbali kidogo tu unatetemeka angani kama bata aliyepigwa risasi, na mdakaji inabidi arudi nyuma kuufuata kama mtu aliyepeperushiwa kofia.

Lakini sitaki kumwonea mtoto wa watu. Kichwa anacho. Anajua mwenzake atakuwa wapi kabla hajafika, na anauachia mpira mapema. Ndivyo walivyo watu wasio na nguvu, wanajifunza kuwahi. Yule ni karani wa benki aliyevishwa kofia ngumu. Mjukuu wangu ningemwozesha kwake, ila siku ya upepo nisingempa mpira.

Na mwandiko wako umepatwa na nini? Neno moja linajaza mstari. Kurasa zako zote nne zingeenea kwenye kadi ya Krismasi, na nafasi ya kubandika ua ingebaki.

Joanne nitamwandikia. Nani mwingine atakusemea? Ila nitamwandikia ninalolijua kwa hakika, na mimi sijakutia machoni tangu siku tuliyomzika dada yangu Bernadine. Basi niandikie, nikujue. Unakula? Soseji si mboga, na bia si maji.

Corinne


Kessel
26 Septemba

Shemeji,

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe naona lazima uambiwe. Hiyo kompyuta yenu ina ukubwa wa sinia. Humo hata tembo angeonekana mnyonge.

Ngoja nikueleze, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukifanya nilipowaeleza wewe na Bernadine habari za kupatwa kwa jua. Watu husema "mkono," "mkono," kana kwamba nguvu inakaa mkononi. Haikai huko. Nguvu ya mrushaji inaanzia kisigino. Kisigino kinaisukuma ardhi, nyonga inageuka, mgongo unaifuata nyonga, bega linaufuata mgongo, kiwiko kinalifuata bega, na mwisho kabisa vidole vinaupa mpira mzunguko. Ni kama mjeledi: mkono wako kwenye mpini unakwenda taratibu, ncha inapasua hewa. Kijana mwenye misuli mikubwa ambaye nyonga yake imelala hatakushinda wewe na mahindi ya kuku. Huyu nyonga yake inageuka kama mlango uliotiwa mafuta. Nimeiona kwa karibu, nikiwa uzioni, siyo kwenye sinia.

Utauliza, mbona kwenye mechi harushi hivyo? Jibu ni Kocha Buhl. Nilimfundisha huyo, na tangu utotoni ni mwoga: hata maabara alikuwa akishika chupa tupu kwa mikono miwili. Amemfunga simba kamba ya mbuzi. Anamwamuru arushe mipira mifupi mifupi, na mtoto mtiifu anatii.

Sikukaa kimya. Niliandika barua gazetini, na Jumatano wameichapa, ukurasa wa tatu: kwamba Emmett Vorpahl ana mkono ambao Kessel haijawahi kuuona, na kwamba ni dhambi kumzuia. Jumatatu kwenye chakula cha mashabiki kule mkahawani kwa Gretchen, ambako kocha huja kuhojiwa huku supu yake ikipoa, niliyarudia hayo nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenipinga. Wote waliinamia bakuli zao. Nilifundisha nusu ya watu wa chumba kile, wanajua nikisema kitu nimekipima.

Mwandiko ni kwa sababu ya kalamu. Benki inagawa kalamu nene siku hizi. Lakini na wewe ongeza herufi kidogo. Mwandiko wako umekuwa nyayo za shomoro.

Ijumaa tulicheza Marn, ugenini, nikarudi na mvua. Taa za magari siku hizi wanazitengeneza kali kupita kiasi, kila moja inachanua barabarani kama ua la alizeti. Lakini gari langu linaijua njia.

Umeshamwandikia Joanne?

Alvin


Tucson
3 Oktoba

ALVIN,

HIZI HERUFI ZINAKUTOSHA? Basi naendelea kwa kawaida, karatasi zinagharimu.

Nimekuelewa kuhusu kisigino. Nimemwangalia tena mtoto wako kuanzia kisigino. Kisigino kizuri, nyonga nzuri, kisha ikifika kwenye mkono mambo yanaishia hapo. Ule ni mkono wa birika, Alvin: umekunjwa pale pale, hautoi kitu. Kocha hamfungi mtu kamba. Kocha anajua duka lake lina bidhaa gani.

Ila nakiri nimeanza kumpenda. Juzi walimwangusha vibaya, watu watatu juu yake. Alipoinuka, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwendea mdakaji wake na kumwambia jambo, akijipiga kifuani, kama anayeomba radhi. Mpira ulikuwa umemponyoka yule mwenzake, kosa halikuwa lake. Mjukuu wangu akasema, "Bibi, huyu ni mjinga." Nikamwambia huyu ni nahodha.

Joanne bado. Naandika polepole, maana yeye hunisoma polepole.

Corinne


Kessel
10 Oktoba

Shemeji mbishi,

Leo nimekushika. Umekuwa ukimwangalia kijana huyu kwa majuma yote haya na hujaligusa jambo la kwanza ambalo mwangalizi yeyote angelitaja. Yeye ni mashoto.

Sasa tulia nikufafanulie, maana hapa ndipo utamu ulipo. Mrushaji anayetumia kulia, mpira wake unazunguka upande mmoja. Wa mashoto unazunguka upande wa pili. Kwa hiyo ukianza kushuka unaegemea kinyume cha walivyozoea wadakaji. Tangu utotoni mikono yao imefunzwa kungoja mpira unaoegemea kulia, na ghafla huu unaegemea kushoto. Inchi chache tu, lakini inchi chache ndizo tofauti ya kudaka na kudondosha. Ndiyo maana mipira inawaponyoka! Ndiyo maana kwako inaonekana kama bata aliyepigwa. Tatizo haliko kwa mrushaji, liko kwa wapokeaji ambao hawajapewa muda wa kumzoea. Nimemweleza Kocha Buhl kwa kuchora kwenye kitambaa cha meza cha Gretchen. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Asante, Mwalimu." Nadhani nimempata.

Nangoja uungwana wako wa kukubali umeshindwa. Na nangoja ile barua kwa Joanne. Sikukuu inakaribia.

Alvin


Tucson
16 Oktoba

Alvin mpendwa,

Nimekaa na barua yako siku kadhaa. Nimeziangalia mechi zote upya, mjukuu amezihifadhi. Emmett Vorpahl anarushia mkono wa kulia. Kila mara, Alvin. Labda kalamu iliteleza.

Hali ya hewa hapa imepoa. Niambie habari zako za nyumbani. Jana ulikula nini? Yule jirani yako aliyekuwa akikuletea supu, Hazel, bado anakuja? Nimekuwa nikimkumbuka sana Bernadine. Hebu nikumbushe, sherehe ya harusi yenu ilihamishiwa wapi mvua ilipoharibu hema? Na yule mbwa wenu wa kwanza aliitwa nani? Mimi nasahau sahau siku hizi.

Usijisumbue kuandika kwa kirefu. Mistari michache inatosha.

Akupendaye,
Corinne


Kessel
22 Oktoba

Corinne,

Hukuwahi kuniita "mpendwa" tangu tufahamiane, na katika ukoo wenu hakuna mwanamke asahauye kitu. Nimefundisha miaka thelathini na tano. Mtihani naujua hata ukifungwa kama zawadi.

Haya, majibu. Jana nilikula viazi, kabeji na kipande cha nguruwe. Hazel anakuja Jumanne na Jumamosi, na supu yake haina chumvi. Harusi ilihamishiwa kwenye kituo cha zimamoto, ambako wewe ulicheza polka na nahodha wa zimamoto mpaka ukavunja kisigino cha kiatu, ukaendelea pekupeku. Mbwa aliitwa Galvani kwa sababu niliyokueleza ukasinzia. Swali la ziada ambalo hukuliuliza: kiatu kilikuwa cha Bernadine, na hukumrudishia.

Kalamu haikuteleza. Kijana ni mashoto. Nina macho.

Sina hasira; nimeumia kidogo. Niliposema umwandikie Joanne sikudhani utaanza kunipima pamoja naye.

Kwa hayo mengine, furahi: Ijumaa ijayo tunacheza hapa nyumbani mechi ya mtoano, anayefungwa anakwenda kuhifadhi viatu. Na Kocha Buhl amesema mbele ya watu wote kwa Gretchen kwamba mambo yakibana, atamwacha Vorpahl arushe mbali. Upepo wa ziwani utakuwepo, lakini mkono ule utaupasua. Angalia vizuri.

Alvin


Tucson
29 Oktoba

Alvin,

Kwanza pole kwa kufungwa. Pili, kaa kitini. Nimeandika kwa herufi kubwa, na safari hii sikutanii.

Kijana wa kamera jana aliiwasha mapema. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza niliwaona wakipasha misuli. Pale kwenye uzio, upande wako, alikuwepo mtoto mwembamba, mrefu, anarushia mkono wa kushoto, na mpira wake ulikuwa ukienda kama ulivyosema, umenyooka kama waya. Nikapiga kelele mpaka mjukuu akaja mbio. Nikamwambia asimamishe picha. Namba ya mgongoni ilikuwa tatu. Nikafumba macho nusu nikaitazama tena, na ile tatu ikafunga midomo yake, ikawa nane.

Mjukuu amenitafutia jina. Anaitwa Micah Olund, ana miaka kumi na tano, ni mrushaji wa akiba na hajacheza hata dakika moja. Wanasema bado hajui mbinu za timu, na mazoezini amemvunja mwenzake kidole kwa mpira. Huo ndio mkono wako, Alvin. Hukukosea hata chembe: nyonga, mzunguko, kila kitu. Tumebishana tangu Septemba kuhusu watoto wawili.

Lazima nikueleze jinsi nilivyolia. Uliponiandikia "mashoto" nilidhani akili yako imeanza kuondoka. Nilikuwa nimeshaanza barua kwa Joanne, mistari miwili, nikashindwa kuimaliza. Jana niliichana. Akili yako haina ufa. Ni macho.

Sasa sehemu ngumu. Mwisho wa mechi uliusikia, lakini sidhani uliuona. Kocha alimpa ishara ya kurusha mbali. Yule mtoto aligeuka akatazama benchi, kama anayeuliza "kweli?" Kisha akarusha kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Upepo ukaushika mpira, ukaning'inia pale juu. Beki wa wapinzani alisimama chini yake kama mtu anayengoja basi, akaudaka. Wenzake waliondoka uwanjani, Emmett akabaki amekaa kwenye nyasi. Na kuna waliomzomea, Alvin, watu wazima, kwa lile neno lako la gazetini: "Mkono ambao Kessel haijawahi kuuona."

Sikulaumu kwa kutoona. Nashangaa mji mzima ulinyamaza. Nadhani hakuna aliyethubutu kumsahihisha mtu aliyemfundisha kanuni za mwendo. Kila mmoja alifikiri mwalimu ameona kitu ambacho yeye hakioni.

Zitundike funguo za gari. Hata kwa Gretchen usiendeshe. Zile alizeti barabarani hazikutengenezwa na kiwanda chochote. Kwa Joanne siwezi kuandika kwamba uko sawa, na kwamba huoni sitaandika kabla hujasema mwenyewe. Ninajua ukisema utapoteza nini. Ndiyo maana nakuachia wewe.

Corinne


Kessel
9 Novemba

Corinne,

Umengoja jibu muda mrefu. Siku za kwanza nilikuwa nimekukasirikia, nikatunga majibu makali sana ambayo nasikitika hutayasoma. Kisha nikafanya kile nilichokuwa nikiwaambia wanafunzi wafanye wanapobishana: pima. Nilichanganya karata za tatu na za nane nikiwa nimefumba macho, nikazibandika ukutani jikoni, nikarudi nyuma mpaka kwenye sinki. Mapacha, Corinne. Nikasogea hatua, nikasogea tena. Nilipozitofautisha pua yangu ilikuwa karibu kugusa ukuta. Na kila Ijumaa nilikuwa nikiendesha tani mbili za chuma gizani.

Nilikaa kitini pale nikiwaza njia ya kunyamaza. Nakwambia kwa sababu wewe hujui kusema uongo, na mimi naona najua. Msimu umekwisha, hakuna mechi ya kuendea. Ningeweza kusema nilimsifu kijana kupita kiasi, mapenzi ya mzee, na watu wangesahau. Nyumba ingebaki. Lakini Emmett angebaki ndiye mrushaji aliyepewa nafasi kwa sababu ya mkono wake, na mkono ukamwangusha. Hata akifika miaka hamsini wangemkumbushia hilo kwenye foleni ya posta. Unaujua mji huu.

Basi nilimwomba Hazel anipeleke kwa akina Vorpahl. Mama yake alinionyesha zizi. Emmett alikuwa akiwatupia ng'ombe majani kwa uma wa shambani, na nilijua ni yeye kwa sababu aliniita kwanza. Nikamwambia sijaja kuzungumza habari za upepo. Nimekuja kumwomba radhi, kwamba mkono nilioumwagia sifa gazetini si wake, ni wa Micah Olund, na kwamba sioni vizuri.

Aliendelea kutupa majani kidogo. Halafu akasema, "Nilijua, Mwalimu."

"Ulijuaje?"

"Yadi sitini? Mimi hata ndotoni sijafika."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia kocha. Akauegemea ule uma. "Kocha aliniita akasema, Mwalimu Theisen anasema unaweza. Mimi watu wote huniambia nisichoweza. Nikasema hebu nijaribu." Akatafuta jingine la kusema. "Upepo nao ulikuwa mbaya."

Kazi yangu maisha yote imekuwa kutowadanganya watoto kuhusu upepo. Nikamwambia, "Hata upepo ungelala, mwanangu, usingefika."

Nilidhani nimemuumiza. Akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, ng'ombe wakageuka kumtazama. Ndipo nikamweleza maneno yako: kwamba anajua mwenzake atakuwa wapi kabla hajafika, na anauachia mpira mapema, na kwamba alipoangushwa na watu watatu aliinuka akaenda kumtuliza mwenzake. Akauliza nani kayasema hayo. Nikamwambia ni shemeji yangu wa Arizona, mwanamke mkali, hajawahi kumsifu mtu bure, na macho yake ni mazima. Kisha akauliza kama unaweza kumwandikia hayo kwenye karatasi. Nimemwahidi kwa niaba yako.

Jumatatu nikasimama kwa Gretchen nikayasema yote mbele ya watu: tatu na nane, uzio, gazeti. Nikasema mpira ule wa mwisho niliurusha mimi, na wakizomea wanizomee mimi. Vijiko vyote vikabaki hewani. Kisha Virgil Nass, fundi bomba, aliyerudia darasa langu mara mbili, akainua mkono kama bado yuko shuleni. "Mwalimu, basi ile alama ya tatu uliyonipa kwenye mtihani wa mwisho, huenda ilikuwa nane?" Walicheka mpaka Gretchen akatoka jikoni. Kocha Buhl alikuja kukaa kando yangu. Alinisogezea mkate.

Daktari wa macho amenitazama. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia watalisafisha Januari na anadhani litarudi vizuri. La kushoto lina jambo jingine nyuma yake ambalo halisafishiki. Kuendesha usiku, hapana, hata baada ya hapo. Funguo nimempa Hazel, na Joanne nimemwambia mwenyewe kwa simu, mluzi na mbuzi wote wakiwepo. Alilia, nami sikusikia sababu zake zote. Nyumba tutaamua Sikukuu, alisema, na bado anangoja neno lako.

Mwandikie unaloliona. Sitakuomba tena uandike hili wala lile.

Alvin


Tucson
16 Novemba

Joanne mwanangu,

Ulitaka nikuambie kama baba yako yuko sawa. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kuwa na hakika, na sasa ninayo.

Baba yako haoni. Gari liuze, na uliuze kabla ya theluji, kwa sababu akipona jicho moja atajiona amepona yote. Hilo sikufichi, naye hakulificha: amelisema mbele ya chumba kizima cha watu aliowafundisha, akijua wewe ungelitumia dhidi yake. Alilisema kwa ajili ya mtoto wa watu, asiye ndugu wala jamaa. Nimewajua watu wenye macho mazima ambao wasingeona sababu ya kufanya hivyo.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Mengine ni maombi yangu. Usimpeleke juu ya gereji. Mimi nitakuja Desemba nikae naye mpaka barafu iyeyuke ziwani. Wanangu hapa wameshanichoka na mimi nimelichoka jua. Bado naendesha vizuri, na kisigino changu kimepona tangu ile polka. Ngazi tutaziwekea vishikizo pande zote mbili. Hazel yuko jirani. Chumvi nitaitia mimi.

Kuna jambo jingine, nalo ni zito kuliko unavyodhani. Yule Micah Olund mwakani atakuwa na miaka kumi na sita, na jana nimepokea kurasa sita za baba yako kwamba atakuwa mrushaji bora aliyewahi kutoka jimbo hili. Mimi nasema mkono ule bila kichwa utavunja vidole vya timu nzima, na kwamba Vorpahl, asiye na mkono, ndiye angefaa kumfundisha. Hatujakubaliana hata kwenye neno moja. Ubishi huo, Joanne, utatuchukua mpaka vuli, na hauwezi kufanyika Minneapolis, ambako hakuna anayewajua watoto hawa. Unahitaji meza yake mwenyewe, dirisha linaloelekea uwanjani, na mtu aliyekaa upande wa pili wa kumwambia amekosea.

Mtu huyo ni mimi. Ninunulie tiketi ya ndege, pesa nitakurudishia.

Mama Mdogo wako,
Corinne